Rangi ya Matofali

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa leo, na mvua nayo imefunguliwa leo. Wanafunzi wameingia langoni na matope hadi magotini, lakini wote wana sare mpya: shati jeupe na sketi au kaptula ya damu ya mzee. Mkuu wa shule alisimama barazani, mikono nyuma, akichekelea kama bwana harusi. Sare hii ni mtoto wake. Ameipigania kwenye bodi mwaka mzima, kila kikao anarudi na hoja ile ile: mtoto asiye na sare ni mtoto asiye na shule.

Mimi namuunga mkono, ingawa hakuna anayemuuliza karani. Nililelewa na mama mdogo, na nguo zangu za nyumbani zilikuwa zile zilizomchosha binti yake. Ndani ya sare hakuna aliyejua hilo. Kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya kutoka nilikuwa mtoto wa mtu kama wengine. Kwa hiyo leo nilipowaona wamejipanga nilijisikia vizuri, nikajiambia kazi yangu ya likizo imezaa kitu. Ni mimi niliyewakatia wazazi vipande vya kitambaa cha mfano, ukubwa wa kiganja, wapeleke kwa mafundi wao. Wenye nafasi walinunua sketi zilizoshonwa tayari katika duka la mjini. Wengi walikuja kwangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Karatasi zina unyevu, mhuri unatoa donge badala ya maandishi.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimeandika mstari nikaufuta.

Asubuhi, wakati wa mkusanyiko, jua lilichomoza kidogo kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe. Mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Rula kwa sababu rula haimtoki mkononi, alikuwa akipita kati ya mistari. Akasimama. Akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja kama mpiga picha.

"Hii nini?" akauliza, akimgusa mvulana kaptula kwa rula. "Hii ni damu ya mzee?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mzee gani huyo? Mzee aliyekunywa maji mengi?"

Shule nzima ikacheka. Ndipo na mimi nikaona. Mistari ilikuwa na rangi mbili. Kulikuwa na damu ya mzee yenyewe, nzito, karibu nyeusi. Na kulikuwa na nyingine, nyekundu iliyochoka. Mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Matofali!" na jina likawa limepatikana hapo hapo.

Nilijua kabla sijarudi ofisini.

Mwanzoni mwa likizo pazia la ofisi yangu lilichukuliwa likafuliwe, halikurudi. Jua lilikuwa likinipiga usoni asubuhi yote. Mkuu alikuwa amenikabidhi kile kitambaa cha mfano, kipande kirefu, akasema, "Kitunze." Mimi nikakitundika dirishani kwa pini. Kilikaa pale likizo nzima, na kila mzazi alipokuja nilikata kwenye ncha ya chini. Rangi ilipauka polepole, na jicho langu likapauka nayo. Sikuona kitu.

Leo nilifunga mlango kwa ufunguo nikakishusha. Pale juu, nilipokuwa nimekikunja na kukibana, damu ya mzee ilikuwa bado damu ya mzee. Chini, matofali. Nilikikunja nikakisukuma kabatini, nyuma ya maboksi ya chaki.

Niko kwenye majaribio ya kazi hadi mwisho wa muhula. Mama mdogo alikuja mwenyewe kumbembeleza mkuu anipe kazi hii. Alivaa viatu vyake vya kutokea. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kazini.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu ametoa uamuzi. Wazazi wamedanganywa na mafundi, amesema, wamenunuliwa kitambaa hafifu, na shule haiwezi kuwa na sare mbili. Wenye matofali warudi nyumbani hadi watakapopata iliyo sahihi.

Nilipewa kazi. Bwana Rula alinikabidhi sketi moja ya dukani, nikasimama naye langoni chini ya mwavuli mmoja, na kila mtoto aliyefika nilimwekea ile sketi ubavuni kulinganisha. Mimi. Ikifanana, nasema, "Pita." Isipofanana, nasema, "Siyo yenyewe." Sikumaliza saa moja nikawa siwezi kuangalia nyuso, nikawa naangalia mapaja na magoti tu, kama mnunuzi wa mbuzi.

Karibu na mwisho likaja goti lenye kovu, na sauti nikaijua. Ni yule msichana wa darasa la mwisho anayesoma taarifa za asubuhi mkusanyikoni. Wanamwita Redio. Ana sauti ambayo hata akisoma ratiba ya usafi unataka kujua itaishaje. Baba yake ni fundi cherehani pale kwenye kibaraza cha duka la misumari, na ndiye aliyeshona karibu matofali yote.

"Dada karani, hebu iweke vizuri," aliniambia kwa upole. "Labda ni mwanga."

Niliiweka vizuri.

"Siyo yenyewe," nilisema.

Bwana Rula akacheka. "Fundi kamuibia hata mwanawe wa kumzaa!"

Redio alishusha mkoba begani akauingiza chini ya shati lake jeupe usilowe, akarudi alikotoka.

Jumatano, 19 Machi

Siku hii natamani ingeondolewa kwenye mwezi.

Fundi alikuja ofisini. Alivua viatu mlangoni kwa sababu ya matope, nikamwambia si lazima, akavua tu. Mkuu alikuwa kwangu akitafuta faili. Fundi akatoa mfukoni kipande cha kitambaa ukubwa wa kiganja, bado kina pini ya kushonea kwenye kona.

"Shikamoo, mheshimiwa. Sikuja kugombana. Nimekuja na mfano niliopewa. Niliutembeza kwa wauza vitambaa wote hadi nikapata jora linalolingana nao. Naomba uulinganishe na zile sketi. Kama mimi mwizi, kitambaa kiseme."

Mkuu alikichukua, akakigeuza, akanitazama. "Karani. Hiki kimetoka kwako?"

Nilikuwa na nafasi. Naandika hivi ili nisije kujidanganya siku nyingine kwamba sikuwa nayo. Kabati lilikuwa nyuma yangu. Fundi alikuwa ananitazama bila chuki yoyote, ananitazama kama mtu anayejua shahidi wake amefika.

"Kimetoka kwangu," nilisema. Kisha mdomo wangu ukaendelea wenyewe: "Lakini hakikuwa hivi. Fundi anafanya kazi kibarazani. Labda kimepaushwa na jua."

Nilimpa kosa langu kama lilivyo, sikubadilisha hata neno. Jua, kitambaa, kupauka. Nilibadilisha dirisha tu.

Mkuu akapumua. Niliona mabega yake yakishuka kwa raha. "Umesikia, bwana? Ulitundika mfano juani. Hii si dhambi, ni uzembe, lakini gharama yake siwezi kuibeba mimi."

Fundi alisimama na soksi zake zilizotoboka kwenye kidole, akakiangalia kile kipande mkononi mwake. Nadhani alikuwa akijaribu kukumbuka. Nadhani kwa dakika ile aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote: aliniamini dhidi ya nafsi yake.

"Kibaraza changu kinatazama upande wa kivuli," alisema hatimaye, taratibu. "Lakini labda. Sijui. Labda."

Akavaa viatu akaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Sikula.

Jumapili, 23 Machi

Mama mdogo amesikia habari sokoni. "Yule fundi wenu," alisema akichambua mchele, "kumbe ndiye aliyewaharibia watoto! Nilikuwa nimempelekea gauni langu la kijani. Nimekwenda kulichukua kabla halijakatwa. Watu wote wanachukua vitu vyao."

"Mama mdogo, huenda hakukusudia."

"Asikusudie vipi? Amekiri mwenyewe mbele ya mkuu kwamba ni jua la kibarazani kwake. Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ehe! Basi." Akanitazama, akanipapasa shavu kwa mkono wenye vumbi la mchele. "Mbona umekonda, mwanangu? Usijali mambo ya watu. Wewe kazi yako umeifanya vizuri."

Niliingia chumbani nikajifunika shuka kichwani mchana kweupe, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Watoto wengi wamerudi. Wengine wameshonewa upya, wengine wameazima. Wapo wawili, kaka na mdogo wake, wanaopokezana: huyu asubuhi, yule mchana, kaptula moja. Nguo hazikauki kwa mvua hii, kwa hiyo wanaingia darasani zikiwa mbichi na madirisha yanajaa ukungu. Jina la Matofali limebaki hata kwa waliobadilisha. Kwa miaka yote niliamini sare inamficha mtoto. Mwaka huu imemuanika, tena kwa mkono wangu.

Redio hajarudi. Leo nilipita makusudi mbele ya duka la misumari. Cherehani ilikuwa imefunikwa turubai. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajisomea kitabu kwa sauti ndogo. Aliponiona aliinuka akanisalimu, "Shikamoo, dada karani." Niliitikia huku natembea.

Jumatatu ijayo unaanza mtihani wa majaribio. Tangazo nililichapa mimi: asiyeufanya atarudia darasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mkutano wa wazazi. Mvua iliponda bati hadi watu wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele, na nusu ya viti vilikuwa vitupu. Ajenda ilikuwa moja: sare iendelee kuwa lazima au isiendelee. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao.

Wa kwanza kusimama alikuwa baba mmoja muuza mitumba. "Mimi nasema iondolewe! Mtoto avae alichonacho. Akili haikai kwenye sketi."

"Kaa chini, wewe!" akapiga kelele muuza nyama. "Unatafuta soko! Kesho tutakukuta langoni na marobota yako!"

Watu wakacheka hadi viti vikalia. Muuza mitumba mwenyewe akacheka. "Sawa, nina soko. Lakini hoja yangu imekufa kwa sababu nina soko?"

Akasimama mama mmoja muuguzi, bado na viatu vyake vyeupe vya kazini. "Mwanangu ana gauni moja zuri. Moja. Mkiondoa sare, Jumatatu atalivaa watu watamsifu. Jumanne atalivaa. Jumatano wataanza kumwangalia. Alhamisi hatakuja shule. Sare ndiyo inayonilindia mtoto. Msiniondolee."

Nilitaka kumpigia makofi. Nilitaka pia kumwambia aende nje akawaulize wale waliorudishwa langoni.

Kisha fundi akanyoosha mkono. Alikuwa nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi.

"Mimi sina neno na sare," alisema. "Sare imenilisha. Mama muuguzi amesema kweli. Neno langu ni rangi niliyopewa. Mwanangu yuko nyumbani na Jumatatu ni mtihani. Naomba aruhusiwe aufanye, hata amevaa gunia. Rangi tutaitafuta baadaye."

"Fundi," akasema mtu wa mbele bila kugeuka, "si ulishakubali ni jua lako? Unataka turudi kule kule?"

Fundi alinitazama. Si kwa kunilaumu. Alinitazama tu, kama mtu anayetafuta alipoweka kitu. Nami niliinamisha kichwa nikaandika: "Mzazi mmoja alitoa maoni kuhusu rangi."

Ndiyo sentensi niliyoandika. Mwandiko mzuri, hakuna hata doa.

Wakapiga kura. Sare iendelee. Kuhusu mtihani, mkuu alisema sheria ni msumeno, akaangalia saa.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna.

Jumatatu, 7 Aprili

Alikuja.

Mvua ilikuwa ya kupiga kwa upande, mwavuli wa Bwana Rula ulipinduka. Darasa la mwisho walikuwa wameshaingia, karatasi zimeshagawiwa, tulikuwa karibu kufunga lango. Redio akatokea barabarani akiwa amevaa gauni la nyumbani la maua, refu kupita kimo chake, bila shaka la mama yake, amelikusanya kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umeshika kalamu na rula ndani ya mfuko wa plastiki.

"Enhe!" akasema Bwana Rula. "Leo harusi ya nani?"

"Mwalimu, naomba niingie. Nitakaa hata sakafuni, hata nyuma ya mlango. Hawataniona."

"Sare iko wapi?"

"Ile mliniambia siyo. Nyingine hatuna."

"Basi rudi nyumbani."

Hakurudi. Alisimama mvuani akiangalia madirisha ya darasa lake. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikadhani anaomba, kumbe alikuwa anajikumbusha masomo. Mkuu akaja akikimbia kidogo chini ya mwavuli wake, akauliza kuna nini, Bwana Rula akamweleza.

"Binti," mkuu alimwambia, "ningekuruhusu wewe, nitamjibu nini mwingine?"

Mimi nikasema, "Kitambaa ni mimi."

Hawakusikia, kwa mvua. Ilibidi niseme tena. Kusema mara ya pili ni kugumu zaidi ya mara ya kwanza. Ningeweza bado kusema "hapana, si kitu".

"Kitambaa niliharibu mimi! Nilikitundika dirishani kama pazia. Kikapauka. Nikawakatia wazazi kile kilichopauka. Fundi alishona alichopewa. Kipo kabatini kwangu, nyuma ya chaki. Nilimsingizia."

Mkuu hakunitazama mimi. Alitazama huku na huku, nani amesikia. Bwana Rula alikuwa amesikia. Redio alikuwa amesikia.

"Ingia ofisini," mkuu aliniambia kwa meno.

"Kwanza aingie darasani."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mkuu akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Bwana Rula akasogea. Redio akapita katikati yetu, gauni likichuruzika maji, kwa mwendo wa haraka wa mtu aliyechelewa. Hakunitazama. Mtihani ulikuwa umeshaanza kitambo.

Ofisini nilikitoa kitambaa nikakitandaza mezani. Nilitarajia kufokewa. Mkuu alikaa kwenye kiti changu, akaweka kiganja pale palipokunjwa, kisha pale palipopauka.

"Unajua bodi itanifanya nini?" alisema. "Nimewafukuza watoto kwa kitambaa changu mwenyewe."

Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeogopa katika jengo hili. Kumbe tulikuwa tunaogopa wawili, na watoto ndio waliokuwa wakilowa.

"Jambo limeisha," alisema akiinuka. "Kesho nitatangaza. Wewe utabaki kazini, lakini neno hili lisitoke. Umenielewa? Ukilitoa, sitaweza kukutetea."

Jumanne, 8 Aprili

Tangazo lake mkusanyikoni: "Shule, kwa huruma yake, imeamua kuwasamehe wote wenye sare za rangi hafifu hadi mwisho wa mwaka."

Watoto wakapiga makofi. Wenye matofali waliangalia chini, kama watu waliosamehewa kitu. Fundi hakutajwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kibarazani. Nilikuwa nimejiandaa maneno njiani, yakayeyuka.

Turubai lilikuwa bado juu ya cherehani. Fundi alikuwa anarudishia kifungo kwenye shati lake mwenyewe. Hakunikaribisha kiti.

"Mwanangu aliniambia tangu Jumatatu," alisema. "Nikasema, atakuja. Jumanne sikukuona. Jumatano sikukuona."

"Nisamehe, baba."

Alikata uzi kwa meno. "Siku ile kwa mkuu, ungeninong'oneza tu. 'Fundi, nimeharibu, nina kazi changa.' Ningesema ni jua langu, yakaisha. Wakati ule nilikuwa na wateja, ningeweza kukubebea. Wewe hukuniomba. Ulinitupia."

"Na mtihani? Amefanyaje?" niliuliza.

"Ameandika alichowahi." Akalivaa shati. "Ulisema langoni, walisikia watatu. Mkuu amesamehe watu, sijui amesamehe nini. Wateja wangu hawakuwepo langoni. Wako majumbani mwao, wanasema fundi mwizi."

"Unataka nifanye nini?"

"Nyumba nazijua zote. Kesho Jumamosi huna kazi."

Niliwaza aliyonionya mkuu. Nikasema nitakuja.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumezunguka tangu asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma, miavuli miwili. Kila nyumba alibisha yeye, kisha akasogea pembeni akaniachia mlango.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muuza nyama. Nilieleza kila kitu: likizo, pazia lililokwenda kufuliwa, jua la asubuhi, hali yangu ya majaribio kazini. Nilieleza hadi akaniuliza, "Kwa hiyo unasema nini, binti?" Fundi alinisubiri hadi tukarudi njiani. "Fupisha," alisema. "Unaomba huruma kabla hujamaliza kusema ulichofanya."

Nikafupisha. Mwanamke mmoja alinifungia mlango usoni, kisha akaufungua tena kumwambia fundi atamletea mapazia. Muuza mitumba alinicheka hadi akakohoa. Mama muuguzi alimwita mwanawe, akamwambia asimame anitazame. Kwa kila mlango sentensi ilizidi kuwa fupi, na uso wangu uliwaka vile vile, haukuzoea.

Mwishoni fundi akauliza, "Bado nyumba moja. Nibishe, au utabisha mwenyewe?"

Nilibisha mwenyewe. Nimeishi katika nyumba ile tangu utotoni na sijawahi kubisha pale. Mama mdogo alifungua, akamwona fundi nyuma yangu, akaweka mkono kiunoni.

"Wewe bwana! Unamfuata nini mwanangu hadi hapa? Gauni langu nilishachukua!"

"Shikamoo, mama mdogo," nilisema. "Si yeye. Ni mimi."

Mkono ukashuka kiunoni. Nikaona anaelewa, kidogo kidogo, na kila kidogo kilimzeesha.

"Karibu ndani, fundi," alisema. "Unalowa."

Alimpisha akaingia. Mimi nilibaki kizingitini, nikisubiri kuambiwa kama na mimi niingie.